Wanaopigia Kura Vita vya Wenzao

Kwa mama yangu, Makorora,

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua umeimaliza au umewagawia majirani kama kawaida yako? Mimi mzima, ila nimechefukwa, na nisipokueleza wewe nitapasuka.

Unamjua Amna, Msudani ninayekaa naye chumba kimoja hapa Birmingham. Kijiji chao kimechomwa moto, watu wamechinjwa, na simu ya mama yake haipatikani, leo siku ya tisa. Jumamosi tukaalikwa chuoni, kwenye mkutano wa kuzungumzia mauaji hayo. Mwanao mjinga nikajua ni msiba. Nikajitanda kanga, nikapika maandazi, nikabeba na chupa ya chai.

Msiba wapi! Tulikuta kipaza sauti na mabwana wawili wanashindana, jeshi la nje liingie kwao Amna au lisiingie. Pole hakuna. Mmoja akitia neno tamu, anapigiwa makofi kama bwana harusi. Yule wa kuingia akasema askari watoke Afrika, wao watatoa ndege. Mkuki kwa nguruwe! Mwenzake akajibu kwamba watu wale wamezoea kuuana, na Amna yupo pale pale, safu ya pili. Niliwadharau wote, mama, kuanzia tai hadi viatu.

Wakampa Amna dakika mbili atoe maoni. Akasimama.

"Namtaka mama yangu. Yeyote awezaye kumfikia, naomba aende."

Akakaa. Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango mzuri. Mchango!

Kisha wakasema, wasiotaka jeshi liende wanyooshe mikono. Nikamkumbuka kaka Hamisi na magwanda yake, na wewe ulivyokataa kula siku ile alipopelekwa mpakani. Mama, nilinyoosha. Juu kabisa. Amna alikuwa amenishika mkono wa pili, akauachia taratibu.

Maandazi waliyamaliza wale wale, wakisifu iliki. Amna hajanisemesha tangu siku hiyo, na mimi sina uso wa kumwanza.

Nisalimie shangazi wa Tongoni, na wifi yangu, mke wa Hamisi. Hamisi mwenyewe mpe salamu zangu, lakini barua hii usimwonyeshe. Na ukimwombea dua, mtie na mama yake Amna. Mimi naona haya kumtaja mbele ya Mungu.

Ni mimi mwanao,
Saida