Sifa na Kutendwa

Msambweni, 14 Agosti 1957

Kwa Mjomba Chirau, Waa.

Shikamoo mjomba. Huku sote tu wazima, alhamdulillahi. Jicho la mama limepona, na muhogo tumeshachimba.

Jumatatu mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni, "Mwanasha is married." Kumbe habari za posa uliyoipokea zimefika hata darasani. Akauliza, "Married hapa ni neno la sifa, au la kutendwa?"

Wenzangu walicheka. Nikasimama, nikamjibu, "Kama ni sifa, mimi sina sifa hiyo. Kama ni la kutendwa, yuko wapi mtendaji? Hakuna aliyenioa."

"Mjomba wako amekwisha kukubali."

"Basi na aolewe yeye."

Nilisimamishwa juani mpaka kengele ikalia, wala sikuomba radhi.

Nilipomsimulia mama, alisema, "Mimi sikuulizwa." Asubuhi alivaa buibui, akazirudisha mwenyewe kanga za posa walizoleta kina Boga.

Mtihani nitaufanya, inshallah. Ukija kututazama, karibu wali wa nazi. Ukija kuniozesha, utakuta mlango umefungwa, na aliyeufunga ni mimi.

Mpwa wako,
Mwanasha binti Chande