Wagonjwa Kumi wa Kubuni

Chumba Namba 6, Ghorofa ya Tatu
9 Juni

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu. Natumaini kikohozi kimekuachia, na kwamba kazini wamekupa nafasi ya kupumzika tangu upate habari za msiba. Sisi tu wazima wa mwili. Zaidi ya hapo nisikudanganye.

Uliponiuliza kwa simu mama yako, Mama Mdogo wangu, alifikwaje, nilikujibu nusu.

Mwaka jana hospitali ilinitaka niiandikie programu ya kuwakumbusha wauguzi saa za dawa. Kabla ya kuanza, nililinganisha mazingira mawili ya kuandikia programu, yaani seti mbili tofauti za zana za kompyuta. Katika kila moja nilijenga kitu kidogo kilekile: orodha ya wagonjwa kumi wa kubuni, saa zao za dawa, na kengele. Ya kwanza yalinichukua siku sita, ya pili siku mbili. Kengele zote zililia kwa wakati. Nikachagua ya pili, nikajiona mwerevu.

Hospitali ina wagonjwa mia tatu, na kompyuta ya wodini ni kuukuu. Hilo sikulijaribu.

Mama Mdogo alipolazwa, dozi yake ya saa nne asubuhi ilichelewa dakika hamsini. Muuguzi wa zamu, aliyeachiwa vitanda ishirini peke yake, aliniambia bila ukali: "Dada, kengele yako imelia nimeshamfunika shuka."

Daktari anashikilia kwamba moyo wake ulikuwa umechoka mno. Huenda ni kweli, huenda ananihurumia. Baada ya mazishi nilirudia majaribio kwenye kompyuta ileile, kwa wagonjwa mia tatu. Mazingira niliyoyakataa hayakuchelewa hata dakika moja. Siwezi kuapa kwamba yangemwokoa. Ninachojua ni kwamba nilijiokolea siku nne.

Kengele imeshazimwa. Jumatatu nakabidhi matokeo kwa kamati ya hospitali, wafanye watakavyo. Wewe nilitaka uyasikie kwangu kwanza. Ukininyamazia, nitaelewa.

Nisalimie wifi na wale pacha. Baba Mdogo anakusalimu. Yeye nitamweleza kesho, ana kwa ana.

Jana niliikuta ile orodha ya wagonjwa kumi. Mgonjwa namba moja ni Mama Mdogo. Nilimwandika kwa mzaha, siku aliyopita ofisini akaketi kando yangu. Alicheka, akasema, "Haya mwanangu, usije ukanicheleweshea dawa." Humo hakucheleweshewa hata mara moja.

Mungu akujalie subira ambayo mimi sina haki ya kukuomba.

Dada yako akupendaye, hata ukinikasirikia.