Divai Chini ya Kitanda

Jumanne, 5 Machi 1957

Kazi ya Kalundu imekwisha. Stoo ya chini ya ardhi ya yule Mgiriki mwenye duka nimeifunika leo kwa zege. Kuta zimenyooka, timazi ni shahidi. Hakuna atakayenisifu, basi najisifu mwenyewe: mwashi wa namna hii Uvira hawapo wengi.

Aliniuliza nataka bakshishi gani. Nikasema divai, chupa sita. Alicheka mpaka akakohoa. Anajua mimi Mprotestanti, sinywi. Akasema kwangu, kwa joto la mabati, itageuka siki kabla ya Pasaka. Amenipa hata hivyo. Tutaona.

Si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya Rafaeli wa Sange, baba wa kijana anayemwoa Rakeli wangu. Wao ni Wakatoliki. Rafaeli alisema mbele ya watu kwamba siku ya mahari, kwa Waprotestanti, watakunywa chai. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na iliniuma sana. Binti yangu hatatolewa kwa chai.

Jumamosi, 9 Machi

Nimechimba chini ya kitanda chetu, chumba cha nyuma, upande wa mlima. Huko jua hupotea mapema, ukuta haushiki moto. Shimo la kufika kiunoni. Ndani matofali ya kuvunjika, ya bure. Chini mchanga wa mto Mulongwe, wenye unyevu. Halafu akili yangu mwenyewe: vipande vya mabomba ya udongo vilivyobaki kwenye mifereji. Kila chupa ina bomba lake, imelala ndani kama mtoto. Imelala, haikusimama, ili kizibo kisikauke. Hilo nililisikia kwa Mgiriki. Mengine kayafikiri mwashi. Juu mbao, juu ya mbao gunia la kuloweshwa kila asubuhi.

Mama Rakeli anasema tutalala juu ya dhambi. Nimemjibu dhambi iko katika kunywa, si katika kulaza.

Jumapili, 17 Machi

Baada ya ibada nimetia mkono shimoni. Nje mabati yanalia kwa joto. Ndani baridi ya mtungi. Nikakaa pale sakafuni, mkono shimoni, bila kazi yoyote. Furaha tupu.

Mchungaji alihubiri juu ya kiburi. Nilisikia vizuri.

Alhamisi, 4 Aprili

Mama mkwe ameshuka kutoka milimani kusaidia maandalizi. Mpika kasiksi maarufu, kwao hakuna arusi bila pombe yake ya ndizi. Tumempa chumba cha nyuma, ndicho chenye baridi. Nisingeweza kumpa kibaya.

Sasa siwezi kuingia humo. Mkwe haingii anapolala mama wa mkewe. Divai yangu iko kifungoni, nami niko nje. Mama Rakeli analowesha gunia. Anasema yote sawa. Anasema bila kufunua mbao, namjua.

Jumatano, 17 Aprili

Sisimizi. Mstari mrefu, wanapita chini ya mlango wa chumba cha nyuma. Na harufu. Harufu ya siki.

Nilimtuma Mama Rakeli. Alirudi amefunika mdomo kwa kitenge. Mama yake ametoboa vizibo vya chupa mbili, kwa msumari wa moto. Kwa huruma! Anasema: “Kinywaji chenye hakipumue kinapasulaka chungu.” Kwa kasiksi ni kweli kabisa. Kwa divai ni mauaji.

Mama mkwe hapigiwi kelele. Niliinamisha macho, nikamshukuru kwa kututunzia vitu. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikapasua mawe mpaka nyundo ikavunjika mpini.

Nne zimebaki. Sijui kama ni nzima. Kufungua moja ili kujua ni kuipoteza. Na ikifunguliwa, aionje nani?

Jumatatu, 29 Aprili

Nimekumbuka jambo. Mwenye nyumba huonja kwanza, wageni waone hakuna sumu. Asipoonja, amewatukana. Watu wameondoka na ng'ombe wao kwa kosa dogo kuliko hilo.

Mimi nilibatizwa kwa kuzamishwa katika ziwa hili, na nikaahidi kutokunywa. Wiki zote hizi nimeifikiria divai, sikufikiria kinywa changu. Mjinga mwenye timazi.

Mama Rakeli anasema nirudie chai. Hapana.

Jumamosi, 4 Mei

Wamekuja. Ng'ombe wazuri, hakuna hata mmoja mwembamba.

Chupa nne zikatolewa. Chupa zilitoka jasho mbele ya watu wote. Kizibo kikalia. Nikamimina, nikampa Rafaeli kwa mikono miwili. Hakunywa. Alinirudishia kikombe na kungoja. Rakeli alikuwa mlangoni, nilimwona ameshika mwimo.

Nilisema mimi sinywi, niliapa. Nilisema shimo nilichimba mwenyewe, chupa nililaza mwenyewe, sina ushahidi mwingine zaidi ya mikono hii. Nikamwonyesha. Nilijiona mpumbavu, nimenyoosha viganja vyenye saruji kwenye kucha.

Rafaeli alivitazama muda. Akachukua kikombe. Akasema: “Nyumba yenye kunipatia mutoto, miye siwezi kuiogopa.” Akanywa kabla yangu, mbele ya wazee wake. Akafumba macho. Akasema: “Iko baridi, mukwe! Umeitolea wapi?” Akanywa tena.

Nikawapeleka chumba cha nyuma wakaone. Niliishia mlangoni. Mzee mmoja aliingia shimoni na viatu vyake, hakutaka kutoka.

Siku hii haitanitoka. Mwenyezi anisamehe kiburi, lakini asikiondoe chote.

Jumatatu, 6 Mei

Mama mkwe ameondoka na gari la asubuhi. Alisema divai ni kali, kasiksi yake inaishinda.

Nyumba kimya. Nimefagia mchanga, nimefuta mabomba.

Rakeli alikuja akachuchumaa ukingoni mwa shimo. Aliuliza kama Sange nako linaweza kuchimbwa shimo kama hili. Nilimwambia udongo wa bonde hupasuka wakati wa kiangazi, ukuta wake utataka matofali mara mbili. Alisema atamweleza mumewe hivyo.

Mumewe. Nikatoka nje nikanawa uso.