Bomba Ulilolirudisha, Kaka

Mpemba, Tunduma.

Kwako Kaka Ramadhani,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu mama alitulea hivyo, lakini ujue leo imenitoka kwa shida. Habari za hapo nyumbani? Goti la mama linaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Mtama umekubali mwaka huu, au ndege wamewawahi? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ukiacha kifua kinachonibana kila baridi ikianza, maana baridi ya huku haiendi kwa shati moja. Afya ya kukasirika ninayo tele.

Kama ni shemeji anayekusomea, basi shemeji naomba unisamehe, lakini usiruke hata mstari mmoja. Ningeyasema haya kwa simu, ila simu uliikata. Nilitaja tu jina la Mwanaidi, ukasema mtandao unasumbua, halafu kimya. Mtandao gani huo unaosumbua mtu akitajiwa binti wa mdogo wake? Nimepiga tena na tena, umezima. Haya, barua haina kitufe cha kuzimia.

Salumu alikuja kibandani kwangu juzi. Huyu Salumu, dereva wa lori, mtoto wa jirani zetu hapo Kondoa, ndiye aliyenipelekea baiskeli ya Mwanaidi mpaka mlangoni kwako. Alikuwa anarudi kutoka huko na mimi nikamrukia kwa furaha kabla hata hajazima injini. Nikamuuliza, "Umemwona Mwanaidi? Anaipanda? Haimwangushi?" Salumu akaanza kufuta mikono yake kwenye suruali. Akasema, "Fundi, baiskeli nimeiona. Ila aliyekuwa nayo ni kaka yako, na juu yake kulikuwa na magunia ya mkaa." Nikacheka, nikadhani ananitania. Akasema, "Halafu ile nafasi ya kati uliyoiacha wazi haipo. Kuna bomba." Hapo nikaacha kucheka.

Kaka, kazi yangu unaijua kwa jina tu, hujawahi kuniuliza naifanyaje. Leo nakueleza bila kuulizwa. Kibanda changu kiko kando ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Zambia, na vumbi lao nalila tangu asubuhi. Baiskeli za maunteni za mitumba zinashuka hapa kutoka Dar zimefungwa kamba pamoja kama kuni. Kwa macho ni nzuri kweli: gia kibao, matairi yenye meno, shokapu mbele. Vijana wanazigombania. Baada ya muda mfupi wanazileta kwangu wakiziburuza. Ukipakia mzigo, shokapu inadidimia na usukani unayumba. Gia zikijaa matope hakuna spea. Matairi ya meno nayo kwenye lami yanakunyonya nguvu na kukuungurumia njia nzima. Aliyezitengeneza alikuwa na mawazo ya mtu anayekwenda kucheza mlimani, si mtu anayekwenda kazini kila siku ya Mungu na kurudi na kiroba cha unga.

Basi mimi nazigeuza. Natoa shokapu, naweka uma mgumu wa chuma wa kushika gurudumu la mbele, kutoka kwenye baiskeli kuukuu. Natoa gia, nabakiza moja, na cheni naifupisha ikae imenyooka. Naweka matairi yasiyo na meno, madigadi ili nguo isichafuke, keria imara nyuma, na usukani nauinua mtu akae wima aone anakokwenda. Mwalimu mmoja Mndali wa Ikinga alinijia juu hapa: "Wewe fundi, kwetu ni milima mitupu, ukinitolea gia zote unataka nife?" Nikamwachia tatu, na anapanda nazo hadi leo. Ndiyo kazi yangu, kaka. Kabla sijagusa spana namuuliza mwenye baiskeli anakwenda wapi, amevaa nini na amebeba nini. Wewe hukumuuliza mtu.

Sasa hilo la bomba. Bomba la juu, lile linalokaa mbele yako ukitaka kupanda, linamlazimu mtu arushe mguu. Mwenye suruali anarusha. Mwenye kanga afanyeje? Aliyenifungua macho ni mama mmoja muuza nyanya, Mama Tusekile, wa hapa hapa Mpemba. Mumewe alimwachia maunteni, akaja nayo kwangu akaniambia mbele ya wateja, "Fundi, mimi sivai suruali na sitavaa. Utanifanyaje?" Nikalikata lile bomba nikaona nimemaliza. Akakanyaga pedali mara moja, fremu ikakunjika hapo hapo kibandani, akakaa chini na nyanya zake zikatawanyika hadi barabarani. Wanaume wote wakacheka. Yeye akainuka akasema, "Haya, fundi, sasa nitengenezee ya kupanda, hiyo ya kukalia nimeshaiona."

Niliharibu fremu nyingine nikihangaika, kaka, mpaka nikapata njia. Ni lazima kwanza uchomelee mabomba mawili membamba yanayoteremka kutoka shingoni hadi chini karibu na pedali, yashike fremu, ndipo la juu ulikate. Sasa wamama kutoka upande wa pili wa mpaka wananifuata, wananisalimia kwa lugha yao, "Mulishani mukwai," halafu wananyoosha kidole kwenye baiskeli ya Mama Tusekile, wanataka kama ile. Mimi niliyekuwa naziba pancha sasa nina jina huku. Wewe unadhani nacheza tu na vyuma.

Ya Mwanaidi niliitengeneza polepole kuliko zote. Nilimwambia mke wangu Halima ampime mguu mtoto, akampima kwa uzi mwekundu, akaufunga fundo na kunitumia kwa mkono wa Salumu. Uzi ule niliuning'iniza kibandani, na siti nikaiweka kwa urefu wake. Matairi sikuweka membamba sana, kwa sababu nayajua makorongo yetu na mchanga wake. Madigadi nikayarefusha sketi ya shule isilowe. Nikaweka taa ya dainamo kwa sababu mtoto anatoka bado giza. Nikaipaka bluu. Nikaipanda mwenyewe hadi mjini na kurudi ili nisikie kama ina mlio wowote, watu wakinizomea, mwanamume mzima na ndevu zake juu ya baiskeli ya kike, nami sikujali.

Kisha nikaituma kwa jina lako. Si kwa jina la Halima, si kwa jina la mtoto. Kwetu kitu kikitoka mbali hupokelewa na mkubwa wa nyumba, naye ndiye humkabidhi mwenyewe. Nilikuheshimu, na heshima hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ulimwambia Salumu ulidhani bomba limekatika njiani. Kaka! Lilikatika njiani, halafu likajipiga msasa lenyewe na kujipaka rangi ya bluu? Usinifanye mjinga. Uliona ni baiskeli ya kike ukaona aibu, ukaipeleka kwa yule mchomeleaji wa mageti, naye akaiwekea nondo mahali pa bomba la juu kama anafunga duka. Shemeji amemwambia Halima ulivyosema: eti mtoto wa kike akipita barabarani amekaa kwenye siti watu watasema Ramadhani ameshindwa kulea. Watu gani hao? Nitajie mmoja. Yuko yupi kati yao anayempikia uji akirudi amechoka? Yuko yupi anayempa hata penseli?

Nikuambie na hili, si kwa hasira tena, nasema kama fundi. Usiipakie mkaa. Mabomba yangu ni membamba, nimeyachomelea yambebe msichana na mkoba wake. Ile nondo imeivuta fremu, na mzigo ukizidi itapasuka pale shingoni, tena kwenye mteremko. Sitaki kusikia umevunjika meno. Nimekukasirikia mpaka naumwa kichwa, lakini meno yako nayataka.

Wakati wewe unasukuma mkaa, mtoto anakwenda kwa miguu. Shule yao ya kata iko ng'ambo ya makorongo yote mawili, unajua. Anaamka kabla ya adhana, anafika jasho linamtiririka na bado amechelewa, anaambiwa afagie uwanja. Akimaliza kufagia, hesabu imeshapita, na hesabu ndilo somo analolipenda. Yuko kidato cha pili, mtihani uko mbele yake. Mwalimu wake amesema akiendelea kukosa vipindi hivi hatafika kidato cha tatu. Na wewe, baba yake mkubwa, uliyeachiwa mji, unasema nini? Halima kaniambia huku analia: unasema kama njia inamshinda basi akae nyumbani, mume atapatikana. Mume! Njia haijamshinda, kaka. Njia nilishaimaliza mimi kwa mikono yangu, wewe ndiye umeiziba kwa nondo.

Mimi huku nala ugali na dagaa siku nenda rudi, nalala chumba kimoja na fremu zisizo na magurudumu, vidole vyangu vimeungua kwa kuchomelea hadi sishiki kijiko vizuri. Sikulalamika. Nilijisemea acha niungue, mwanangu atafika shule mapema. Hilo tu. Sikuomba unijengee nyumba wala unilimie. Niliomba umpe mtoto baiskeli yake.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ni wewe. Angekuwa mtu mwingine ningemtukana nikalala usingizi wangu. Lakini wewe unalijua lile korongo. Nilikuwa darasa la kwanza, masika imepamba moto, maji yamejaa, na watoto wote wamerudi nyumbani. Mimi nikalia nataka shule. Ukaniinamia ukasema, "Panda." Ukafunga kamba za viatu vyangu ukaviweka shingoni mwako, ukanivusha mgongoni maji yakikufika kifuani, ukanifikisha mlangoni mwa darasa mkavu. Kisha ukakimbia darasani kwako umelowa chapachapa, na ukachapwa kwa kuchelewa. Nilikuona dirishani ukichapwa. Hukumwambia mwalimu sababu, wala hukumwambia baba. Siku ile hukuuliza watu watasema nini.

Basi nisikilize. Ukiipata barua hii, usingoje Ijumaa ipite. Ipeleke baiskeli kwa huyo huyo wa mageti, aikate nondo yake taratibu, asiguse mabomba yangu mawili ya chini. Apige msasa pale palipobaki makovu, mtoto asichane sketi. Masizi ya mkaa yaoshwe. Siti uishushe tena mpaka ilingane na ule uzi. Halima anao, nilimrudishia. Halafu umkabidhi Mwanaidi mwenyewe, kwa mkono wako, mbele ya mama, na mbele ya hao watu wako unaowaogopa kama wana nafasi ya kuja.

Usipofanya, nakuja. Nitafunga kibanda, nitapanda lori la Salumu na msumeno wangu, na nitalikata hilo bomba lako la nondo uani kwako mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama. Tena hiyo ndiyo itakuwa aibu, kaka, ndugu wawili wanakatiana vyuma. Usinifikishe huko.

Nisalimie mama yetu, mwambie dawa ya goti nimempa Salumu, apake akitaka kulala. Nisalimie shemeji, mkeo, na umwambie asante kwa kumweleza Halima ukweli. Usimgombeze kwa hilo. Nisalimie Halima wangu, mwambie asilie tena, nimeshalia mimi kwa niaba yake. Nisalimie mjomba wetu wa kinu cha kusaga na wanawe wote.

Mwanaidi usimsalimie. Salamu zake Salumu atampa njiani, atakapomkuta anakwenda shule, na amekatazwa kumpa kama atamkuta anatembea kwa miguu.

Ni mimi mdogo wako, uliyemvusha mkavu,

Idrisa.