Fisi Aliyembeba Mkwewe

Malangali, Sumbawanga

Mjukuu wangu Edita,

Huku tu wazima. Ulezi umeingia ghalani, na mama yako mdogo amejifungua salama, mtoto wa kike. Tumepumua.

Umeniuliza vinyago vyangu nilivitoa wapi, maana huko chuoni unakojifunza kuchonga, gogo linakutazama tu. Mimi nilivisikia kupitia ukuta.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, viti vya plastiki vilijaa sokoni, vigoda vyangu vikakosa mnunuzi. Mama wa bibi yako alikuwa amekuja kukaa kwetu. Kwa mila sikuthubutu kumtazama mkwe wangu usoni, lakini jioni alipowasimulia watoto jikoni, nilitega sikio nje ya ukuta. Alisimulia habari za fisi aliyembeba mkwewe kuvuka mto, huku amekatazwa kugeuka.

Nikamchonga fisi yule, ulimi nje, na mama mkwe mgongoni. Uso wa mama huyo niliubuni tu. Nilipokipeleka kinyago sokoni, majirani wakaangua kicheko: "Si mkwe wako huyu!" Kabla sijakificha kinyago, mkwe mwenyewe akatokea na kikapu chake. Nikampa mgongo upesi, nikingoja laana.

Nikamsikia akikizunguka kinyago. Kisha akawaambia majirani, "Mwambieni huyo fisi, mimi si mzito kiasi hicho. Na mto bado mpana, asinishushe."

Nilicheka hadi machozi, mgongo bado nimempa. Alikwishatutoka zamani, Edita, lakini sijamshusha.

Babu yako