Cha Kubeba Mlimani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Itigi mvua zimekwisha. Shangazi yako amehamia Manyoni, kwa hiyo jioni nakula peke yangu.

Umeuliza upande mlima na GPS ya mkononi au simu. Nilipokuwa msichana nilipotea porini nikitafuta mbuzi. Niliita mpaka sauti ikakauka, hakuna aliyeitika. Ndipo nikasikia honi ya treni, nikaifuata hadi relini. Mzee mmoja wa reli akaniuliza, “Binti, watoka wapi?” Nikaangua kilio, kwa kuwa mtu alikuwa amenisemesha.

Njia ikuonyeshe GPS, maana chaji yake hudumu. Simu izime, uiweke kwenye begi, uwashe ukihitaji mtu. Ukifika kileleni nipigie, hata kama huna la kusema.

Bibi yako