Kikombe cha Mama si Robo Kilo

Antoinette uko? Nimemliza baba. Tangu tumzike mama sijawahi kuona chozi lake, leo kalia mbele yangu.

Aliomba mkate wa mama. Tangu arudi kutoka hospitali hali kitu, leo ndo kaomba mwenyewe.

Unajua mama alikuwa anapima unga vikombe vinne. Mimi nikaona nitumie mzani wa dukani, ndo uhakika. Kikombe kinachukua robo lita ya maji, nikasema basi na unga ni robo kilo. Nikaweka kilo nzima!

Ukatoka mgumu kama tofali. Baba akauchovya kwenye chai, akatafuna weee, akaniuliza, "Mwana wanje, mwanangu, huu ndio wa mama yako?"

Machozi yakamtoka. Baba, Antoinette!

Nikarudi dukani kupima kikombe cha unga. Hata robo hakifiki! Vinne ni nusu kilo tu. Nikamkimbilia, "Baba, nimejua kosa, napika mwingine sasa hivi."

Akanishika mkono. "Acha. Nilidhani nitamwonja tena. Nikimkosa mara nyingine sitaweza."

Unga nimeshaupima, upo mezani. Nipike au nisipike?